Mita ya Sabini na Moja

Kikwe, asubuhi. Meru imejifunga ukungu kiunoni,
na mtambo wa Nnko umesimama katikati ya mahindi ya shule.
Mimi ndiye mwenye daftari.
Kazi yangu ni kusema, kabla chuma hakijashuka,
kama shimo litasimama
au litajifumba.

Maji ya juu tunayajua: yamewapaka watoto meno rangi ya chai.
Tunayataka ya chini, na njia ya chini haiko moja.
Imenye ardhi hii kama mgomba:
ganda juu ya ganda, hili limelowa, hili kavu,
majivu ya mlipuko ambao hakuna aliyebaki kuusimulia,
basalti nyeusi inayolia kama sufuria,
tope la kale lililoporomoka na miti yake,
kisha majivu tena.
Na yote yameinama kusini, digrii kumi na nane,
kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani.

Mpasua kuni anajua: gogo lina njia zake.
Mwamba nao.
Tena ukilitoa jiwe, mzigo liliobeba hautoki nalo;
unazunguka, unaegemea kuta,
kama nyumba iliyofiwa na aliyekuwa akilipa ada.

Tope tunalomimina likiwa jepesi, ukuta unaingia ndani.
Likiwa zito, linaupasua na kutokomea humo.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, walituambia.
Huku chini, ukiusukuma mno ukuta, unajenga ufa.
Kati ya mawili hayo nimeachiwa upenyo wa kidole,
na upenyo wenyewe hubadilika kila tabaka.

Niliandika:
arobaini na nne, hatari.
Hamsini na tisa, hatari kubwa.
Sabini na moja, salama.
Fedha za bomba la chuma ziliishia mita sitini.
Mama Elirehema, mweka hazina, aliuliza mara moja tu:
"Una uhakika?"
"Asilimia themanini."
Akaiandika themanini kwenye daftari lake,
chini ya bei ya saruji.

Arobaini na nne ilipita kama si yeye.
Hamsini na tisa ilikohoa kidogo, ikatulia.
Tukashusha bomba, tukala makande tukiwa wima.
Nnko hakuniangalia; kiganja chake kilikuwa juu ya chuma,
anasikiliza kwa ngozi.

Saa nane na robo akakiondoa.
"Njoo uone."
Tope lilikuwa likirudi na vipande bapa,
vyembamba, vikali, vipana kama kucha za dole gumba.
Unga ni kazi ya keekee.
Vipande bapa ni ukuta wenyewe, unakuja.

Tulivuta hadi giza.
Kompresa ilinguruma, ikabembelezwa, ikatukanwa Kimeru.
Fito zikatoka moja moja, zimechubuka.
Keekee ikabaki huko, na bei yake.

Nilikiweka kipande kimoja ulimini. Kikanata.
Udongo wa mfinyanzi, tabaka jembamba kama boflo,
limelala kati ya majivu mawili, laini kama sabuni,
na mimi niliyahesabu majivu yote kuwa kitu kimoja.
Sikulifuta neno "salama".
Nililipiga mstari mmoja, lisomeke.

Mama Elirehema alikuja na tochi.
Hakufoka. Ningependa angefoka.
Aliinama, akamulika lile giza la duara, akauliza:
"Ile ishirini iliyobaki
ndiyo hii?"

Ndiyo hii, mama.

Asubuhi Nnko alipima hatua kumi na mbili kuelekea mashariki,
akachomeka kijiti penye umande,
akasimama pembeni akifuta mikono kwa kitambaa
ambacho hakijawahi kuwa safi.
Nikafungua ukurasa mpya.
Nikachora safu moja zaidi, upande wa kulia,
nyembamba, isiyo na kichwa bado.
Watoto walikuwa wamekwishaokota vile vipande bapa
na kuandikia majina yao ukutani.